Milo ya siku kadhaa kwenye chupa za kioo: namna ya kuipanga isilowe, isichache

Ukifungua friji asubuhi ukakuta chupa nne zimesimama, kila moja ina mlo kamili, unatoka nyumbani na moyo mtulivu. Nimeandaa chakula kwa njia hii kwa miaka kadhaa. Kuna jambo moja ambalo laiti ningeelezwa tangu mwanzo: chakula cha chupa huharibiwa zaidi na maji kuliko kitu kingine chochote. Ni maji yanayochuruzika kutoka kwenye tango hadi majani yakalegea, mvuke wa wali uliofunikwa ungali moto, au supu iliyoganda na kutanuka hadi ikapasua kioo. Ukishajua maji ya kila kiungo yataelekea wapi kwa siku tatu zijazo, unaweza kujaza chupa yoyote kwa chochote ulichonacho jikoni.

Chupa ninazozungumzia ni zile za mdomo mpana, zenye kifuniko cha kuzungusha au cha kubana kwa waya, kama za jamu au za achari.

Kwanza: huku si kusindika

Naanza na hili kwa sababu kosa lake linaweza kuua. Ukimimina supu ya moto kwenye chupa na kuifunika, ikipoa kifuniko hudidimia na kutoa mlio mdogo. Wengi wakiusikia huamini kwamba chakula kimefungwa salama na kinaweza kukaa kabatini. Sivyo. Kilichotokea ni kwamba hewa ya ndani imesinyaa kwa kupoa. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hupenda mahali pa namna hiyo hasa: pasipo hewa, pasipo uchachu wa kutosha, pasipo baridi. Mbegu zake hustahimili maji yanayochemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Wanaosindika nyama, maharage na mboga zisizo na uchachu hulazimika kutumia mtambo wa shinikizo unaofikisha nyuzi 121 hivi.

Nicolas Appert, Mfaransa aliyechapisha mwaka 1810 njia yake ya kuhifadhi chakula kwenye chupa za kioo, alizichemsha chupa zake kwa muda mrefu zikiwa zimeshafungwa. Yeye alikuwa anasindika. Sisi tunapakia chakula cha siku chache, na mlinzi wetu ni baridi. Kila nitakachokieleza hapa, isipokuwa mchanganyiko mkavu, kinakaa kwenye friji yenye nyuzi 5 au chini yake, au kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kuchagua na kuandaa chupa

Ukubwa wa aina tatu unatosha. Mililita 250 ni za mchuzi wa saladi na vitu vya kutafuna, mililita 500 ni za kifungua kinywa au supu ya mtu mmoja, na lita moja ni ya saladi ya kushibisha. Ukiweza kununua za ukubwa mmoja tu, chukua za mililita 500.

Itazame chupa kwenye mwanga. Iliyomeguka mdomoni au yenye ufa mwembamba usiipe chakula tena. Pitisha kidole kuanzia mdomoni hadi kitako: kama kuta zimenyooka bila mabega, hiyo inafaa friza. Yenye mabega iache ikae friji tu, sababu utaiona tukifika kwenye supu.

Osha kwa maji ya moto na sabuni, suuza, kisha ipindue ikauke kabisa. Kwa chakula cha friji cha siku tatu huhitaji kuichemsha. Usafishe kwa makini mpira wa kifuniko, maana kioo hakishiki harufu lakini mpira unashika. Ukinuka kitunguu, uloweke usiku kucha kwenye maji yenye kijiko cha magadi ya kuokea.

Saladi: hapa mpangilio ndio kila kitu

Saladi iliyochanganywa jana ni jambo la kusikitisha. Chumvi na siki huvuta maji kutoka kwenye majani, yakanywea, yakaelea kwenye mchuzi wao wenyewe. Chupa inaondoa tatizo hilo kwa sababu ni ndefu: mchuzi unakaa chini kabisa, majani yanakaa juu kabisa, na katikati unapanga vitu vinavyoweza kuvumilia.

Kwa chupa nne za lita moja, anza na mchuzi. Pima vijiko vikubwa 9 vya mafuta ya zeituni au mafuta mengine mepesi, vijiko vikubwa 3 vya siki au maji ya limau, kijiko kidogo cha haradali, chumvi na pilipili manga. Weka vyote kwenye chupa ndogo, funga, tikisa hadi viwe kitu kimoja. Haradali ndiyo inayozuia mafuta na siki visitengane upesi. Ukipenda kitunguu saumu kibichi ndani yake, kiweke, ila mchuzi huo uishi kwenye friji na umalizike ndani ya siku nne. Kitunguu saumu kilichozama kwenye mafuta na kuachwa mezani ni makazi mengine ya yule bakteria niliyemtaja.

Kisha panga hivi, ukitoka chini kwenda juu:

1. Mchuzi, vijiko vikubwa 3 kwa kila chupa. Mimina katikati usichafue kuta, kwa sababu tone lililobaki ukutani litakutana na jani baadaye.
2. Mboga ngumu: karoti iliyokwaruzwa, kabichi, pilipili hoho, kitunguu, dengu au maharage yaliyopikwa. Hivi vinafaidika kulala kwenye mchuzi, hasa kitunguu, kinachopungua ukali kwa siki. Viwe vingi vya kutosha kuufunika mchuzi wote, maana hili ndilo boma linalolinda vya juu.
3. Tango na nyanya. Tango litoe mbegu kwa kijiko, kwani maji yake mengi yako huko. Nyanya ziwe zile ndogo, ziingie nzima. Nyanya iliyokatwa itatoa maji hadi chupa nzima iwe bwawa.
4. Nafaka au tambi zilizopikwa na kupoa: mchele, makaroni, ngano nzima. Safu hii inakunywa unyevu wowote unaopanda, kwa hiyo usiibane wala usiiache.
5. Kuku aliyepikwa na kupoa, yai la kuchemsha, au jibini.
6. Majani, hadi yafike mdomoni.

Majani yakaushe kwelikweli. Mimi huyaosha, huyatandaza kwenye taulo safi, huyakunja pamoja na taulo kama mkeka, halafu huyaacha friji kwa nusu saa kabla ya kuyapakia. Yakiingia na matone, siku ya pili utakuta yana utelezi. Juu yake kunja kipande cha karatasi ya jikoni kinyonye mvuke, ukitoe unapokula. Karanga, lozi au vipande vya mkate vilivyokaushwa vifungie pembeni. Parachichi likatwe siku hiyohiyo ya kula.

Chupa isimame wima muda wote, hata ndani ya mkoba. Ukifika wakati wa kula, usiile kwa kuichokoa na uma. Ipindue yote kwenye bakuli pana: majani yanatangulia chini, mboga zinafuata, mchuzi unamwagika mwisho juu ya vyote. Ule mpangilio wa kinyume uliousumbukia ulikuwa kwa ajili ya tendo hilo.

Isiyo na nyama, yai wala wali huchukua siku nne ikiwa bado inatoa sauti mdomoni. Yenye kuku au yai naimaliza ndani ya siku tatu, na yenye wali ndani ya mbili.

Oti za usiku

Huku ndiko wengi huanzia, na wana haki: hakuna kupika. Katika chupa ya mililita 500 tia nusu kikombe cha oti zilizobapwa, nusu kikombe cha maziwa, robo kikombe cha mtindi mzito, kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za chia na chumvi kidogo sana. Funga, tikisa, subiri dakika kumi, koroga tena kwa kijiko hadi chini. Usiruke kukoroga huko kwa pili. Mbegu za chia zinakunywa maji mengi kuliko zinavyoonekana, na zisipotenganishwa mapema zinaganda donge moja kitakoni, juu pakabaki maziwa matupu. Baada ya saa sita hivi oti zimelainika.

Oti za papo kwa papo, zile laini kama unga, zitakupa ujiuji usio na cha kutafuna. Zile ngumu zilizokatwakatwa kwa chuma zitabaki ngumu. Chukua zilizobapwa.

Matunda yanahitaji kufikiriwa kidogo. Tunda lililogandishwa liweke chini kabisa, likiyeyuka litoe utomvu wake bila kupaka rangi chupa yote. Tufaha lililokwaruzwa linyunyizie limau lisigeuke kahawia. Ndizi iache hadi asubuhi. Nanasi, papai na kiwi visivyopikwa usiviache usiku mzima na mtindi au maziwa, maana vina vimeng'enya vinavyovunjavunja protini ya maziwa, na asubuhi utakuta mchanganyiko mchungu uliojitenga na maji yake. Nilidhani mtindi wangu umeharibika mara tatu mfululizo kabla sijajua kwamba kosa lilikuwa la nanasi. Likichemshwa kidogo vimeng'enya hivyo hufa, na hapo unaweza kulitumia bila shida.

Asali ni tamu humu, ila mtoto aliye chini ya miezi 12 asipewe asali kabisa.

Zikikaa siku tatu bado ni nzuri. Siku ya nne zinakuwa nzito mno, na kuongeza maziwa kidogo hakurudishi ladha yote.

Wali na mchuzi, au makaroni na mchuzi

Sehemu hii isome polepole, kwani wali unahitaji heshima. Mchele mbichi huwa na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo zinapona kwenye kupika. Wali ukiachwa sufuriani mezani ukiwa vuguvugu, zinaota, bakteria wanazaana na kutoa sumu. Sumu inayosababisha kutapika haivunjwi kwa kupasha moto. Mtu anapasha wali hadi unatoa moshi, anakula, na bado anaumwa.

Kwa hiyo ukiiva tu, utandaze kwenye sinia pana, usizidi unene wa vidole viwili, uuache wazi upoe. Ndani ya saa moja uwe umepoa na umeingia friji. Usiufunike ungali na mvuke: mvuke utagonga kifuniko, utageuka matone, yatarudi kuulowesha wali juu huku katikati joto likiendelea kukaa.

Mchuzi nao upoze. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, koroga, badilisha maji mara mbili. Sufuria nzito iliyojaa inaweza kubaki na moto katikati kwa saa nyingi ukiiacha peke yake, na Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisizidi saa mbili kwenye joto la kawaida.

Sasa jaza: mchuzi chini hadi theluthi moja, safu nene ya mboga zilizopikwa juu yake, kisha wali. Mboga zinatenga. Bila hizo wali unanyonya mchuzi wote, na kesho unakuta uji mzito juu na nyama kavu chini. Makaroni yatoe jikoni dakika mbili kabla hayajaiva sawasawa, yamalizikie utakapoyapasha, na yapakwe mafuta kidogo yasishikane.

Wali wa friji mimi naula kesho yake, au keshokutwa kwa kuchelewa sana. Wa siku za mbele unakwenda friza. Utaukuta umekakamaa, kwa kuwa wanga wake umejipanga upya kwa baridi. Kijiko kikubwa cha maji kabla ya kupasha kinaurudisha.

Supu, na sheria ya friza

Maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Kioo hakitanuki pamoja nayo. Niliwahi kujaza chupa mbili za supu ya boga hadi mdomoni, zenye mabega mazuri ya mviringo, nikazifunga kwa nguvu na kuzitia friza. Asubuhi zote mbili zilikuwa zimepasuka begani, na supu yote ikatupwa, kwa sababu hakuna namna ya kuaminika ya kutoa vipande vya kioo kwenye chakula.

Tangu hapo nafanya hivi. Natumia chupa zenye kuta zilizonyooka, barafu ipate njia ya kupanda juu. Naacha nafasi ya sentimita 2.5 hadi 3. Supu inaingia friji kwanza ipate baridi, kisha friza, kifuniko kikiwa kimewekwa juu tu bila kukazwa. Ikishaganda kesho yake, nakaza. Chupa zisigusane.

Kuyeyusha ni ndani ya friji, usiku mmoja hadi siku nzima. Usiipitishe chupa iliyoganda kwenye maji ya moto: upande mmoja unatanuka wakati mwingine bado umesinyaa, na kioo kinaachana. Vivyo hivyo usimimine maji yanayochemka kwenye chupa iliyotoka friji. Supu za adesi, boga, nyanya na maharage zinavumilia friza vizuri. Zenye viazi vya vipande hutoka na viazi vya punjepunje, na zenye krimu hukatika, kwa hiyo krimu itie unapopasha.

Mchanganyiko mkavu wa kabatini

Hii ndiyo chupa pekee isiyohitaji baridi, na sharti lake ni ukavu kamili, wa chupa na wa kila kinachoingia. Chupa ya mililita 500 inachukua kikombe kimoja cha adesi nyekundu, nusu kikombe cha mchele, vijiko vikubwa viwili vya mboga zilizokaushwa, kijiko kidogo cha bizari, kijiko kidogo cha kitunguu saumu cha unga, na chumvi. Ziba mwanya wa juu kwa mboga kavu zaidi. Siku ya kupika, mimina yote kwenye lita moja na nusu ya maji, chemsha kwa moto mdogo dakika 30, malizia kwa limau. Katika kabati la giza mchanganyiko huu unakaa miezi bila wasiwasi.

Nimechagua adesi kwa makusudi. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayotaka kulowekwa kwa saa tano au zaidi, kumwaga maji yale, kisha kuchemshwa kwa nguvu angalau dakika kumi. Ukiyachanganya na mchele kwenye chupa, atakayeipika hataweza kuyatenga ayafanyie hivyo.

Kupasha na kula

Kifuniko cha chuma kitoke kabla chupa haijaingia kwenye maikrowevu. Chupa isiwekwe juu ya jiko wala isitoke friji kwenda moja kwa moja kwenye oveni ya moto. Kwa kweli napenda kumimina chakula kwenye sahani au sufuria: kinapata moto sawasawa na kioo kinasalimika. Pasha dakika moja na nusu, koroga, pasha tena hadi mvuke utoke katikati, maana ukingoni pekee hapatoshi. Kama una kipimajoto, kisome nyuzi 70 au zaidi. Kilichopashwa mara moja kisirudi friji.

Usitegemee pua kukuambia kama chakula ni salama, kwa kuwa sumu ya wali haina harufu. Tegemea tarehe. Bandika kipande cha utepe wa karatasi kifunikoni, andika siku uliyoandaa na siku ya mwisho ya kula.

Saa mbili za jikoni

Mpangilio wangu wa siku ya maandalizi ni huu. Mayai na dengu vinatangulia motoni kwa kuwa vinachukua muda. Wakati vinachemka, majani yanaoshwa na kukunjwa kwenye taulo. Wali unafuata na kwenda kwenye sinia. Unapopoa natengeneza oti, kazi ya dakika kumi. Kisha mboga zinakatwa, ngumu kwanza, tango mwisho. Saladi inapakiwa, na mchuzi uliopoa unafunga kazi.

Usijaze chupa za juma zima siku moja. Andaa Jumapili kwa ajili ya Jumatatu hadi Jumatano, halafu Jumatano jioni rudia kwa udogo: chupa mbili za saladi, mbili za oti, na supu inayotoka friza. Jioni hiyo, kabla hujaosha chupa tupu, inua ile ambayo haijaliwa uitazame kitakoni kwenye mwanga. Kama mchuzi umekuwa mwingi kuliko ulioumimina, kuna kiungo kinachovuja, na mara nyingi ni tango au nyanya. Kama mvuke umetanda chini ya kifuniko, ulifunga mapema. Andika hayo kwenye kipande kingine cha utepe, ukibandike ndani ya mlango wa kabati unakoweka chupa, ukikute Jumapili.